Tupeane uzoefu: kitasa cha droo kilichowahi kukuliza

mama_stesheneri
Wakuu habari za jioni. Nina kaduka ka stesheneri hapa Makole, Dodoma, fotokopi, madaftari na uwakala kidogo wa pesa. Hela nalaza kwenye droo ya meza ya MDF (zile bodi za unga wa mbao ulioshindiliwa), mwaka jana fundi alinifungia kile kitasa kidogo cha ufunguo chenye ulimi kwa nyuma, kile kibati kinachozunguka kushika fremu. Wiki iliyopita nafunga naona ufunguo unazunguka na kitasa kizima kinazunguka nao kama mfuniko wa chupa, siku mbili nikawa nabembeleza tu, ya tatu ikagoma kabisa kufunguka na mteja wa kutoa hela kasimama ananitazama. Nilifungua kwa bisibisi na matusi. Sasa nataka kubadilisha vyote, droo nne na kabati la milango miwili, ila safari hii sitaki kuliwa. Aliyewahi kununua au kufunga hivi vitu atupe kilichomkuta.

MzeeWaRanda
Pole sana mama. Bila hata kukiona nakwambia hicho ni kitasa cha kabati la bati kimefungwa kwenye ubao. Kichomoe uangalie shingo yake, ni ya duara lakini ubavu huu na huu umekatwa bapa. Kwenye bati kiwandani wanatoboa tundu lenye umbo hilohilo, kwa hiyo hakina pa kuzungukia. Fundi wako katoboa duara na drili, kakaza nati, kaondoka. Nati ikilegea kidogo tu kimekwisha hicho. Kwa ubao tafuta kile chenye kitako cha mraba, kinaingia kwa ndani kinashikwa na skrubu na kichwa ndio kinatokeza mbele. Kama umekipenda cha nati basi kiwe na washa, kile kisahani cha chini ya nati, yenye meno inayong'ata mbao.

Nami nisijifanye mjuaji, nishaaibika. Kuna mama mmoja Kisasa alinipa kazi ya droo sita za kabati la nguo, nikapita hadiwea nikabeba vitasa sita vya shingo ya milimita 16 kwa sababu ndio vilikuwa rahisi. Nafika kwake, uso wa droo ni bodi ya 18, na nyuma yake kuna ubao wa boksi la droo mwingine wa 18, jumla 36! Shingo haikutokeza hata kuchungulia. Mama kakaa kwenye kochi ananiangalia, chai kashaniletea. Nilirudi mjini kwa bodaboda kwa hela yangu nikachukua za 25, halafu nikachimba kwa ndani na biti pana ya 35, ile tunayotumia kwa bawaba za makabati ya jikoni, mpaka unene uliobaki ukawa 18 hivi na nati ikapata tredi (ile mistari ya shingo) za kukamata, na ulimi nao nikauchongea njia ya kuzungukia. Siku nzima kwa droo sita, faida sikuiona. Tangu hapo simruhusu mteja aniambie "ni droo ya kawaida tu", natoka na tepu meja naenda kupima mwenyewe.

kijana_wa_Nkuhungu
Mzee hiyo ya chai imenichekesha aisee 😂

boharia_mstaafu
Mie langu la ofisini, kakampuni kadogo hapahapa mjini. Tulinunua meza kumi mpya, kila meza droo moja ya kufunga, boksi zima la vitasa kutoka duka moja, kila mtu kapewa funguo zake mbili tunajiona wazungu. Mwezi haujaisha dada wa mapokezi kasahau ufunguo nyumbani, kwa utani kaazima wa jirani, droo hiyoo imefunguka. Tukajaribu zote kumi, zote zinafunguka na ufunguo wowote! Siku zote hizo tumefunga droo za maonyesho. Kumbe ukiangalia kwenye uso wa kitasa kuna namba ndogo imegongwa, na kwenye ufunguo iko hiyohiyo, vyetu vyote namba moja. Kuna watu wanavitaka hivyo makusudi, mwenye duka lake peke yake hataki kubeba shada la funguo kama askari jela, lakini kama droo ni za watu tofauti soma namba kabla hujalipa. Mama kwako naona namba moja inafaa, ila droo ya hela iweke ya kwake.

mtoa_dawa_Ilazo
Kuna jambo watu hawaliulizi dukani, ufunguo unachomoka ukiwa wapi. Kuna vitasa unachomoa ufunguo kimefungwa ama kiko wazi, na kuna vingine hautoki mpaka umefunga. Kijana wangu alichomoa ufunguo wa kabati la dawa akautia mfukoni akaenda zake nyumbani akijua kafunga, kabati limelala wazi usiku kucha. Sikuibiwa ila sikulala. Nikabadilisha nikaweka vile ambavyo ufunguo unabaki humo mpaka ufunge, sasa ukiona ufunguo unaning'inia ujue kuna mtu hajamaliza kazi. Jaribuni palepale kaunta, dakika moja tu.

bibi_harusi_Mpwapwa
La kwangu fupi. Kabati la vyombo milango miwili, kitasa kiko mlango wa kulia, nafunga ufunguo naweka kwenye kanga naenda mnadani. Narudi biskuti za wageni zimekwisha na kabati limefungwa vilevile. Watoto walikuwa wanavuta milango yote miwili kwa pamoja inakuja, ulimi unashika mlango wa kushoto lakini wa kushoto wenyewe haujashikwa na chochote. Fundi akaweka komeo dogo ndani ya mlango wa kushoto, juu na chini. Biskuti sasa zinakaa mpaka zinalegea.

MzeeWaRanda
@bibi_harusi_Mpwapwa umesema kweli tupu, mama stesheneri na hilo kabati lako la milango miwili usisahau.

drili_ya_Kizota
Upande wa kutoboa. Vile vya nati vingi vinachukua tundu la milimita 19, yaani robo tatu ya inchi, lakini pima chako usiniamini mimi. Mahali pa tundu ndipo wengi tunapoharibu. Ulimi unapimwa kuanzia katikati ya silinda (ile shingo ya kitasa) mpaka ncha, tuseme 35, ukitoboa 25 kutoka ukingo wa ubao unabakiwa na 10 ya kushika nyuma ya fremu, hiyo ni safi. Mimi nilitoboa 32 kwa sababu niliona pamekaa vizuri kwa macho, ulimi ukashika milimita tatu, mwenye mali akavuta kwa hasira ukachomoka. Tena angalia fremu iko mbali kiasi gani na mgongo wa mlango, kama kuna nafasi ulimi ulionyooka utacheza na mlango utagongagonga, hapo chukua uliokunjwa, unaweza kuugeuza ukunje kwenda ndani au nje.

Na hizi bodi nyeupe zenye ngozi ya kung'aa, bandika tepu ya karatasi kwanza, toboa kwa mbele, ncha ya biti ikichungulia nyuma simama ukamalizie upande wa pili. Ukitoboa moja kwa moja nyuma panachanika kama pametafunwa na panya. Nimelipa bodi ya mtu kwa hilo.

Nzuguni_kwetu
Jamani na vumbi letu la Dodoma hamlitaji? Kiangazi upepo ukianza kila kitu kinajaa mchanga. Kitasa changu kikawa kigumu nikakitilia mafuta ya kupikia, kikalainika wiki moja, baada ya hapo vumbi na mafuta vikawa uji, visahani vya ndani vikaganda na ufunguo ukakatikia humo. Fundi akaniambia ningesugua penseli laini kwenye ufunguo nikaingiza nikatoa mara kadhaa, ule unga mweusi unalainisha na haushiki vumbi. Sasa ndio nafanya hivyo.

kijana_wa_Nkuhungu
Na mliokatikiwa ufunguo mnafunguaje?

MzeeWaRanda
Kama droo ya juu yake iko wazi, ichomoe yote, ingiza mkono, utaukuta ulimi na skrubu yake, legeza. Dakika tano bila kuharibu kitu. Ndio maana kwenye droo ya hela naweka kipande cha plaiwudi katikati ya droo mbili, kwa sababu njia niliyopita mimi na mwizi anaijua.

mama_stesheneri
Nimepima leo asubuhi. Bodi 18, droo zangu ni uso mmoja tu haujarudiwa, nimechukua vitatu vya kitako cha mraba namba moja, cha hela namba yake, na cha kabati pamoja na komeo mbili. Namba nimezisoma mwenyewe kaunta, muuzaji kanuna. Ila fundi MzeeWaRanda umenitia wasiwasi, droo yangu ya juu naweka stepla na kalamu tu na muda wote iko wazi, na ya hela ndio iko chini yake. Jumamosi njoo, na hicho kipande cha plaiwudi usikisahau.