Naomba ushauri: "I hasten to add" kwa Kiswahili
Habari zenu wakuu. Nimekwama kwenye tafsiri. "Hasten" (t haitamkwi) ikibeba yambwa haisumbui: "hasten his death" ni kuharakisha kifo chake. "Hasten home" nayo ni kukaza mwendo kwenda nyumbani. Tatizo ni "He was drunk, not on duty, I hasten to add." Hapo hakuna anayekimbia, msemaji anawahi kuziba mwanya asije akaeleweka vibaya. "Naharakisha kuongeza" inasomeka kama mpishi anayekimbilia chumvi. "Niseme mapema" haifai, maana sentensi imeshatoka.

Je, "alikuwa amelewa, si kazini lakini, nisieleweke vibaya" inatosha? Na kwenye maandishi rasmi mngeweka nini?