Uvimbe wa miguu umeshuka baada ya dawa za moyo: aache zipi, aendelee na zipi?

MlinziWaUsiku: Habari zenu wakuu. Mama ana miaka 67 na presha ya muda mrefu. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kimesomeka EF asilimia 35, daktari akasema moyo umetanuka na unasukuma damu kwa unyonge. Amepewa furosemide 40 mg asubuhi na jioni, enalapril 5 mg mara mbili, bisoprolol 2.5 mg mara moja na spironolactone 25 mg mara moja. Sasa ni wiki ya tatu, miguu imeshuka na hahitaji tena mito mitatu kulala, kwa hiyo anasema amepona. Kinachomsumbua ni kikohozi kikavu, na dawa ya jioni inamwamsha kukojoa usiku kucha. Zipi anaweza kuziacha? Na hiyo 35 maana yake theluthi mbili za moyo zimekufa?

Msukumo: Pole kwa kuuguza, mkuu. Nianze na EF, yaani sehemu ya damu ambayo moyo hutoa kwa kila pigo, maana inatisha watu bure. Hakuna moyo unaotoa damu yote kwa pigo moja. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo mzima hutoa kama 55 hadi 70 kati ya kila 100. Kikijaa mililita 120, moyo wa mama unatoa 42 na nyingine inabaki. Hiyo si hesabu ya misuli iliyokufa, na inaweza kupanda dawa zikitumika sawasawa. Ndiyo sababu eko hurudiwa baada ya miezi kadhaa.

Kilichoshusha miguu kwa haraka ni furosemide: imetoa maji, haijatengeneza moyo. Zile tatu nyingine ndizo zinazouhudumia moyo wenyewe, kwa kuzuia homoni zinazouchapa fimbo kama punda aliyechoka. Akiziacha, maji yatarudi. Bisoprolol ikikatwa ghafla ndiyo mbaya zaidi, mapigo yanafumuka. Tena dozi zake bado ndogo: bisoprolol kwa kawaida hupandishwa kila baada ya wiki mbili au zaidi, ikilengwa 10 mg, presha na mapigo yakiruhusu. Kliniki mkaulize zitapandishwa lini.

Dirisha_la_Dawa: La usiku ni jepesi. Furosemide ya kumeza hufanya kazi takriban saa sita, kwa hiyo ya pili anywe saa saba au saa nane mchana, si jioni.

Kikohozi kwanza mkitofautishe. Cha enalapril ni kikavu, kinawasha koo, hakijali amekaa au amelala. Cha maji kwenye mapafu huzidi akilala chali na huja na pumzi kukata. Kikiwa cha dawa, daktari humhamishia kwenye losartan au dawa ya aina hiyo. Asiache mwenyewe, wala asimeze zote mbili. Midomo au ulimi ukivimba hapo hakuna kusubiri: asinywe tena enalapril, apelekwe dharura.

Jambo ambalo hukuliuliza: enalapril na spironolactone zote hupandisha potasiamu, na ikizidi moyo unaweza kusimama bila onyo. Damu hupimwa potasiamu na kreatinini (inaonyesha hali ya figo) kama wiki moja baada ya kuanza, kisha tena wiki ya nne. Kama hajapimwa hadi leo, hilo ndilo la kwanza kesho asubuhi. Chumvi mbadala marufuku, nyingi ni potasiamu tupu. Diclofenac na ibuprofen pia asiguse hata goti likiuma, zinashikilia chumvi na kuumiza figo. Parasetamo sawa, ila si ile ya kuyeyusha yenye mapovu, ina sodiamu nyingi. Akitapika au kuharisha, mpigieni daktari siku hiyohiyo, kuna dawa husitishwa kwa muda.

Sista_Zamu: Nunueni mizani. Apime kila asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai, nguo zilezile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Andikeni. Mfano 61.4, 61.9, 62.8, 63.5: hizo ni kilo 2.1 ndani ya siku tatu, na mafuta hayaongezeki hivyo. Ni maji, hata kama miguu bado inaonekana sawa. Kilo 2 ndani ya siku tatu, pigeni simu kliniki. Miguu yenyewe ipimeni kwa kubonyeza gumba juu ya mfupa wa muundi sekunde 10, mkiangalia kama shimo linabaki. Uzito ukishuka na anapata kizunguzungu akisimama, pia toeni taarifa, huenda amekaushwa mno.

MlinziWaUsiku: Asanteni sana. Mashine ya presha jana ilisoma mapigo 74, ikaja 118, kisha ikagoma. Ni mbovu?

Msukumo: Huenda si mashine. Akae dakika tano, mshike mshipa wa mkono chini ya kidole gumba, mhesabu sekunde 60 kamili. Yakipishana ovyo bila mpangilio, apimwe umeme wa moyo (ECG) mapema. Vyumba vya juu vinaweza kuwa vinatetemeka badala ya kupiga, damu inaganda humo na kuleta kiharusi. Ikithibitika huhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, kama apixaban au warfarin. Aspirini haichukui nafasi yake. Akizimia, akikosa pumzi akiwa ametulia, au kifua kikibana zaidi ya dakika 15, msihesabu chochote, mwendeni dharura na pakiti za dawa mkononi.