Mafuta ya cherehani ndani ya Seiko 5! Yule fundi saa mnamjua, nishikeni nisije nikalala ndani

Saa_Mbovu_Kila_Siku (mleta uzi)

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule fundi saa, sina haja ya kumtaja, wote mnamjua: kimeza cha kioo, mwavuli uliochanika, lenzi ya jicho anaivaa kwenye paji la uso kama pembe. LEO saa nane mchana kachukua BOMBA LA SINDANO, kalijaza mafuta ya cherehani, kayamwaga ndani ya Seiko 5. Si tone. Kamwaga kama anakaanga maandazi ya futari.

Mashine ni 7009A, otomatiki, vito 17, mapigo 21,600 kwa saa. Ugonjwa wake mwepesi: ukiivaa inatembea, ukiivua saa tatu usiku, kabla ya adhana ya alfajiri imekata roho. Mashine hii ikijaa inatakiwa ikae masaa 40 hivi bila kuguswa. Kwa hiyo ama haijai, ama kamani (ule utepe wa chuma unaotunza nguvu) inateleza ndani ya ngoma yake kabla ya wakati, ama mafuta ya zamani yameganda na balansi, lile gurudumu linalopiga huku na huku, haina nguvu ya kupiga. Basi. Vitu vitatu. Nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa.

Karatasi kaikunja, kaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Halafu bomba la sindano! Mafuta kayaomba kwa fundi cherehani wa jirani! Kifuniko cha nyuma kakigongea nyundo na bisibisi wakati kina mapengo ya kushikia ufunguo wake, kaacha mkwaruzo kama barabara ya vumbi baada ya masika. Hata hilo ningesamehe. Lakini mtu anamimina juu ya balansi INAYOPIGA, ananiangalia usoni, anasema, "Saa ya kizamani inapenda mafuta, mzee."

INAPENDA MAFUTA. Saa si samaki!

Sasa inakimbia dakika 15 mbele kila saa moja, kisha inasimama. Na elfu kumi kachukua.

KamaniImekatika

Mkuu tulia sindano ikuingie 😂😂

Ila tuseme ukweli. Kukimbia kwake ni kwa sababu ule waya mwembamba kama unywele, unaojizungusha kwenye balansi, umelowa. Mizunguko yake inagandana, waya unakuwa kama umefupishwa, balansi inapiga haraka haraka. Sumaku nayo huleta dalili hiyo hiyo, basi iweke kwanza kando ya dira; sindano ya dira ikichezacheza, ina sumaku pia. Isipocheza, ni mafuta tu, pole.

Mwembe_Tayari

Huyo fundi ni wa kwetu Mombasa. Mwavuli wa kijani?

BintiWaChumbageni

Wa kijani wapi, huyo yuko Tanga, mwavuli wa bluu. Alishatia Vaseline kwenye saa ya ukutani ya msikiti.

River_Road_Finest

Bana huyo ni wetu wa Nairobi, na sisi anatumia mafuta ya nywele 😭

MzeeWaMagurudumu

Mleta uzi, povu lote hilo na swali la kwanza hujajibu. Hiyo saa unaivaa masaa mangapi? 7009 haina kutia ufunguo kwa mkono, ukizungusha kifundo cha ubavuni unajichosha vidole tu. Inajazwa na rota, kile kipande cha nusu duara kinachozunguka mgongoni, na kipande hicho hakizunguki mwenyewe akiwa kwenye kochi anatazama mpira. Mtu wa ofisini anasogeza mkono wa kulia kwa kipanya, saa iko kushoto, halafu anasema imekufa usiku. Ivae masaa 8 au zaidi, na kabla ya kuivaa itikise upande kwa upande nusu dakika ianze. Usikute fundi hana kosa.

Saa_Mbovu_Kila_Siku

Hana kosa?? BOMBA LA SINDANO, mzee wangu. Ml 2 nzima. Moebius 9010, mafuta halisi ya saa, inauzwa kichupa cha ml 2 na fundi wa maana anatengenezea saa mamia kabla hakijaisha. Huyu kamaliza mgao wa mkoa mzima kwenye saa moja.

Na kujaa niliipima kabla sijampelekea. Niliitikisa ikajaa, nikailaza uso juu, ikasimama baada ya masaa 6. Nikaijaza tena, nikaisimamisha kifundo chini, masaa 5. Kochi limeingiaje hapo?

FundiMtaratibu

Hapo umesema kitu. Ikisimama mapema kila mkao ilhali imejaa, usihangaike na rota. Ila jamani kabla ya kufungua saa yoyote ya zamani inayosimama, angalieni INASIMAMA SAA NGAPI. Hii ni bure na watu wanairuka.

Ikisimama kila mara kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, tatizo ni tarehe na siku. Hapo ndipo magurudumu ya kalenda yanaposhikana, mzigo unaongezeka, mashine dhaifu inashindwa kuusukuma. Na ndiyo maana haibadilishwi tarehe kwa haraka muda huo, meno yanang'oka. Ikisimama pale pale mishale inapopandana, mshale mmoja unamgusa mwenzake au unasugua kioo. Iangalie ubavuni kwa tochi. Ikisimama ukiilaza uso chini lakini uso juu inaenda, ncha ya balansi au kito cha upande mmoja kichafu au kimevunjika.

Ikisimama popote tu, wakati wowote, ni uchafu na mafuta makavu. Nyingi ni hizi. Hapo hakuna dawa ya kutia, ni kuifungua yote.

Mwembe_Tayari

Ahsante mkuu. Mimi yangu inasimama saa saba na dakika tano kila siku, nilidhani ni majini.

KamaniImekatika

Majini hawana mishale miwili inayopandana saa saba na tano 😂

FundiMtaratibu

Kwa hiyo iliyooga mafuta: USIIACHE itembee, mafuta yanazidi kutambaa na kubeba vumbi. Toa nguvu kwanza: shika kwa bisibisi skrubu ya gurudumu lililo juu ya ngoma ya kamani, sukuma kile kikomeo pembeni, achia taratibu. Ukiachia ghafla inazunguka kama feni na inavunja meno. Ndipo utoe balansi na daraja lake (bamba linaloishikilia), kisha kile kiuma chenye vito viwili vyekundu.

Hapa rudisha nguvu kidogo mno, sehemu ya mzunguko tu. Magurudumu yakizunguka yenyewe mpaka mwisho, na mwisho wake yakarudi nyuma kidogo, njia ni safi. Yakisimama ghafla kama yamekanyaga gundi, kuna tundu lenye uchafu.

Kuosha: benzini safi, mbali na moto wowote. Balansi na unywele wake unachovya sekunde chache, mara mbili tatu, kila mara benzini mpya, unakausha kwa kipulizio cha mpira. Mdomo usitumie, una mate. Matundu ya vito unayasugua kwa kijiti cha meno kilichochongwa, unazungusha mpaka kitoke cheupe.

Na SPIRITI MARUFUKU kwenye kiuma na balansi. Vito vyake vimebandikwa kwa lakiri, spiriti inaiyeyusha. Utavitafuta sakafuni kwa magoti.

BintiWaChumbageni

Yule wa bluu anatumia spiriti. Ndiyo maana ana kikopo cha vito "vilivyobaki".

MzeeWaMagurudumu

Nakubaliana na FundiMtaratibu, ila kasahau mafuta yenyewe, na humo ndimo ugomvi ulimoanzia. Magurudumu ya haraka na balansi: 9010. Ngoma na gurudumu la kati, yanayokwenda polepole kwa nguvu kubwa: HP1300. Vito viwili vya kiuma kwenye uso wa kugonga: 9415. Ncha za kiuma chenyewe HAZIPAKWI chochote, zinakaa kavu. Kwenye kito cha juu cha balansi tone lienee nusu ya kito au zaidi kidogo, likigusa ukingo umezidisha, futa uanze upya.

Na ukuta wa ngoma kwenye otomatiki una grisi yake nzito ya kuifanya kamani iteleze ikishajaa tu. Ukipaka mafuta mepesi hapo, kamani inateleza kabla haijajaa na saa inalala usiku. Mleta uzi, kabla ya huyo bwana na sindano yake, huenda kuna mwingine alishapita hapo.

Saa_Mbovu_Kila_Siku

Kwa hiyo walikuwa WAWILI?? Nakosa hata pa kulilia. "Inapenda mafuta, mzee." Kanizidi miaka kumi na ananiita mzee!

River_Road_Finest

Angalau yako ni halisi. Hizi "vintage" za mtandaoni zinazotoka Mumbai uso umepakwa rangi upya, machungwa, kijani, zambarau, maandishi yamevimba kama yameandikwa na kuku. Ndani kuna daraja la mashine moja na rota ya nyingine.

FundiMtaratibu

Hizo pima hivi: nyuma kuna namba kama 7009-876A, zile nne za mwanzo lazima zilingane na zilizogongwa kwenye mashine. Halafu namba 6 za pekee: ya kwanza mwaka, ya pili mwezi, Novemba ni N na Desemba ni D. Haisemi muongo gani, huo unaukisia kwa aina ya mashine.

MamaShona_Tandika

Samahanini, mmemgusa fundi cherehani kwa nini? Yeye kaombwa mafuta tu, katoa kwa ujirani.

KamaniImekatika

Dada yangu, mafuta yenu yametengenezewa chuma kinachopiga kelele, si ncha nyembamba kuliko unywele. Yanatambaa yakatoka kwenye kito, yanaacha gundi.

Mwembe_Tayari

Na mafundi cherehani nao tuwazungumze basi. Kanzu ya Idi unapeleka Rajabu, unaambiwa njoo Ijumaa. Ijumaa ipi haisemwi.

BintiWaChumbageni

ASANTE! Gauni la harusi ya dada, siku ya harusi lina mkono mmoja. Mkono wa pili "kijana ametoka nao".

River_Road_Finest

Kijana ametoka nao kwenda wapi na mkono wa gauni 💀

MamaShona_Tandika

Mnaleta mita mbili na nusu za kitenge mnataka gauni, kilemba na mfuko. Semeni na hilo.

MzeeWaMagurudumu

Suruali yangu ilirudi na zipu kushoto. Na mfuko wa saa kaushona ukafungwa juu.

Saa_Mbovu_Kila_Siku

Wakuu turudi kwenye saa. Benzini nimepata, balansi nimetoa, unywele umeachana, mizunguko inaonekana yote. Ila kwenye tundu la gurudumu la nne kuna nyuzi nyeusi. Uzi kabisa. Wa kushonea. Kijiti kinakwama, niuvute au niuchovye kwanza?

Mwembe_Tayari

Zipu kushoto si tatizo mzee, mimi yangu ilirudi nyuma.