Tupeane uzoefu: ulidhani ni chuma ulete, kumbe ni hesabu ya gharama

Fundi Randa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, hapa Mbeya leo baridi imeamua. Nina karakana ya samani Mwanjelwa, huu mwaka wa saba. Miaka mitano ya kwanza nilikuwa na hesabu moja tu: mbao nimenunua bei gani, kitanda nimeuza bei gani, kinachobaki changu. Wateja wapo, hela inapita mkononi, lakini kila Januari nakopa ada. Nikaanza kumwangalia vibaya jirani yangu wa fremu ya pili, nikijua kabisa ananipiga chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela za mwenzako.

Mdogo wangu anasoma uhasibu. Alipokuja likizo akaniambia, "Kaka, kabla hujaenda kwa mganga, leta daftari." Tukakaa juu ya benchi la randa, vumbi la mbao likiingia kwenye kalamu. Kitanda cha tano kwa sita nauza 280,000. Mbao 120,000. Gundi, msasa, vanishi na misumari 28,000. Fundi namlipa kwa kitanda, 45,000. Jumla 193,000, inabaki 87,000. Mimi hiyo 87,000 ndiyo nilikuwa naiita faida. Yeye akasema hapana, huo ni mchango tu, unakwenda kuchangia vitu ambavyo vinadai hata ukifunga mlango: fremu 250,000 kwa mwezi, umeme 60,000 (alichukua ule usiopanda na kushuka sana), mlinzi 30,000, akiba ya kununua mashine nyingine hii ikifa 90,000. Halafu akaniuliza, "Na wewe unajilipa shilingi ngapi?" Nikacheka. Hakucheka. Tukaandika 350,000.

Hiyo ni 780,000. Gawa kwa 87,000 unapata nane na kitu, yaani vitanda tisa ndipo narudisha gharama. Kwa wastani nilikuwa nauza saba.

Cha pili ndicho kilichonifanya nilete uzi. Mwaka huo huo, Februari, mwenye gesti mmoja alitaka vitanda 12 kwa 230,000 kila kimoja. Nilimfukuza, nikaona ananidharau. Dogo akapiga hesabu: 230,000 toa 193,000 ni 37,000, mara 12 ni 444,000. Februari watu wameshamalizwa na ada na mbolea, mafundi wangu wanacheza draft mlangoni, na fremu nalipa vilevile. Nililala nikiiwaza hiyo laki nne na nusu.

Nani mwingine yamemkuta? Mwageni hapa.

Dada wa Ilula

Kamwene. Mimi ni nyanya. Msimu mmoja niliweka 1,400,000 shambani, mbegu, dawa, mbolea na kukodi pampu. Nyanya zinaiva tu na bei inaanguka, tenga barabarani likafika 6,000. Mume wangu akasema tusivune, kwa bei hiyo hatutarudisha hata nusu. Nikamwambia baba, hiyo milioni na laki nne imeshaenda, tukivuna imeenda, tusipovuna imeenda. Tuulize kuvuna tenga moja na kulifikisha barabarani ni shilingi ngapi. Vibarua, kukodi tenga na bodaboda ilikuwa 4,000. Basi kila tenga lina 2,000 yetu. Tukavuna.

Wiki ya tatu bei ikawa 3,500. Hapo niliwaachia ng'ombe wa jirani waingie. Shemeji zangu walisema nimerogwa, mtu anaachaje nyanya nyekundu vile. Lakini kila tenga ningelivuna ningekuwa namlipa mnunuzi 500 achukue.

nimechoka2

Hesabu za makaratasi hizi. Babu yangu Tukuyu kauza ndizi miaka arobaini bila hiyo michango yenu na kasomesha watoto saba.

Dada wa Ilula

@nimechoka2 na hao saba nani alikuwa akiwalipa kubeba mikungu mpaka barabarani?

nimechoka2

Dada tuheshimiane 😂

Mwana Igurusi

Nimecheka peke yangu. Mimi niko kwenye mchele, na kwetu ugomvi ni huu: ukikoboa mpunga unapata mchele, chenga na pumba kwa mpigo. Sasa gharama ya mpunga uigawe vipi? Nilipoteza usiku mwingi kugawa, chenga ibebe ngapi, pumba ibebe ngapi. Kwa swali nililokuwa nalo nilikuwa najisumbua bure. Swali langu lilikuwa nigredi, yaani nitenganishe mchele mzima na chenga, au niuze mseto kama ulivyotoka mashineni.

Kilo 100 za mseto kwa 1,900 ni 190,000. Nikigredi napata kilo 82 za daraja la kwanza kwa 2,200, ambayo ni 180,400, na kilo 15 za chenga kwa 1,200, ambayo ni 18,000. Kilo tatu zinapotea. Jumla 198,400. Toa kugredi 3,000 na vibarua na mifuko 2,500, inabaki 192,900. Bei niliyonunulia mpunga haimo kabisa humo, maana kwa njia zote mbili ni ileile. Tofauti ni 2,900 kwa gunia. Nilishangilia, nikaenda nikakuta foleni ya siku tatu kwenye mashine ya kugredi, na mnunuzi kutoka Dar amesimama pale na hela mkononi anataka mseto. Nikauza mseto, nikarudi shambani kwa wakulima kununua mwingine kabla bei haijapanda. Hiyo zamu ya pili ilinipa zaidi ya 2,900.

Halafu pumba. Miaka yote nilikuwa namwachia mwenye mashine, eti uchafu. Siku nilipomuuliza akasita kunijibu nikajua.

Sweta la Baridi

Mleta uzi, hiyo habari ya gesti isije ikawaponza watu. Mimi nafuma masweta ya shule hapa Mafinga, mashine mbili. Desemba shule moja ikaniletea oda ya masweta 150 kwa 12,500. Uzi na ujira vilikuwa 9,000, nikaona mchango 3,500, chukua. Kumbe mashine zangu mbili zote zikajaa mpaka katikati ya Januari. Wazazi wanakuja na watoto wamewashika mkono, wanatoa 18,000 taslimu, nawaambia rudini wiki ijayo. Hawakurudi, wakaenda Iringa mjini. Niliacha mchango wa 9,000 nikafuata wa 3,500. Na shule ililipa Aprili.

Kwa hiyo bei ya chini chukua kama mashine imelala. Ikiwa imesimama foleni, gharama ya oda ile ni pamoja na wale unaowafukuza. Hiyo huioni kwenye risiti yoyote.

Kikokotoo

Dada Sweta umemaliza. Mimi ni mhasibu na bado wenye viwanda wananibishia hilo. Naongeza kidogo kwa @nimechoka2: hizi si hesabu za chuo. Mwaka 1772 mfinyanzi wa Uingereza, Josiah Wedgwood, soko lilimwangukia, akakaa kuchambua gharama za vyombo vyake kimoja kimoja. Akaona gharama nyingi zinadai vilevile awe ametengeneza vingi au vichache, kwa hiyo vikitoka vingi kila kimoja kinabeba kidogo. Na katika kupekua vitabu akagundua karani wake mkuu alikuwa akimwibia. Chuma ulete ya Kizungu.

Mleta uzi nina tatizo na 350,000 yako. Kwenye kuamua vitanda vya gesti hukuihitaji, sawa. Lakini ukija kuamua uendelee na karakana au ufunge, usiandike unachotamani kujilipa, andika kile ambacho ungelipwa ukiajiriwa kwenye karakana ya mtu. Ni namba mbili tofauti.

Fundi Randa

Mkuu Kikokotoo, umenigusa kidonda. Nikiajiriwa ni kama laki tatu.

Marejesho: Februari hii yule wa gesti nilimfuata mwenyewe, akachukua 10 kwa 225,000, nusu mbele. Juzi karudi anataka vinane vingine kwa bei ileile. Ni Julai, watu wameuza mpunga, nina oda za harusi tatu. Nimemwambia 280,000. Amenuna, kasema atafikiria.

Na jirani wa fremu ya pili nimemwomba radhi kimoyomoyo.

nimechoka2

@Mwana Igurusi pumba gunia sasa hivi mnauzaje huko?