Mjadala: Nani ampimie mzazi uwezo wa kulipa karo ya chuo kikuu?

Tangu mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu Kenya utangazwe Mei 2023, mwanafunzi wa chuo kikuu hupimwa hali ya kwao, kisha hupangwa daraja. Mwaka 2024 wa daraja la kwanza, asiyejiweza kabisa, alipata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, mzazi akatoa 5. Wa daraja la tano, mwenye uwezo zaidi, mzazi alitoa 40.

Jirani yangu hapa Kisauni, Mombasa, ni kibarua bandarini. Meli zikiwa nyingi hupata; zisipokuwepo hurudi mikono mitupu. Fomu ilimtaka mapato ya mwezi, akaandika ya mwezi mzuri, kwa ukweli wake. Binti akatupwa daraja la wenye uwezo, na hadi leo hakuna aliyewaeleza kwa nini. Hilo ndilo linaloniuma. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huu unabagua, na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo 2025. Nyinyi mwasemaje?

Mwalimu, Tudor: Kaka, uchungu wako naufahamu, ila usitamani ya zamani. Mtoto wa wakili wa Nyali na wa muuza samaki wa Likoni walitozwa karo ile ile, shilingi 16,000 kwa mwaka, tangu miaka ya 90. Serikali nayo ilileta pungufu ya ilichoahidi, vyuo vikazama kwenye madeni. Asiyejiweza asaidiwe zaidi. Hapo mimi sirudi nyuma.

Dada wa Likoni: Na sisi tuliorudi kusoma watu wazima? Nafanya kazi mchana, nasoma jioni, karo yote yatoka mfukoni mwangu. Ufadhili ni wa waliopangiwa vyuo na KUCCPS, shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi vyuo. Kodi nalipa kama wengine.

Mwanzisha mada: Dada, hilo ni deni la Serikali kwako, na ningependa liingie bungeni. Mwalimu, kumsaidia asiyejiweza sipingi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo kwako Tudor, kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni. Watu walijua nani katoa nini. Leo pesa ni zetu, na hesabu tumefichwa. Kila familia ipewe alama zake kwa maandishi, na rufaa isikizwe na mtu, mzazi akiwa amekaa mbele yake. Uliye karibu na fomu hizo, twambie: mapato ya kibarua huhesabiwa vipi?