Kikundi cha Ukoo: Krismasi Nyegezi na mgeni asiyekula nyama

JUMATATU, 22 DESEMBA

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Alhamisi baada ya misa wote hapa kwangu Nyegezi, Mwanza, kama tulivyopanga, watu 25. Kuna jambo moja. Baba Neema anakuja na mgeni wa kazini kwao, hali nyama. Naomba tulipange mapema, isije ikawa watu wanasherehekea yeye anakula wali mkavu na kachumbari.

Maduhu: Shemeji hilo dogo. Alhamisi alfajiri napita soko la samaki la Mwaloni, sato wawili wa kilo moja moja, tunambanikia.

Teddy: Maduhu 😂😂 samaki naye si nyama?

Maduhu: Samaki ni samaki

Mama Neema: Samaki hali. Kuku hali, dagaa hali, mayai pia hali. Maziwa, mtindi na samli anatumia. Yeye ni mtu wa mboga tu.

Shangazi Kabula: Marahaba mama. Hilo neno mboga tuliweke sawa kwanza. Ukimwambia binti wa jikoni "mgeni anakula mboga" atamjazia bakuli la ng'ombe, maana huku kila kinachoshushia ugali ni mboga. Waambieni hivi: hali chochote kilichokuwa na damu, wala supu yake, wala mafuta yaliyokikaanga.

Mama Neema: Hapo kwenye supu ndo nataka kuuliza shangazi. Pilau tukipika moja, tukampakulia pale pasipo na nyama?

Shangazi Kabula: Hapana. Supu imeshaingia kwenye punje, huwezi kuitoa kwa kijiko. Pikeni pilau moja ya watu wote isiyo na nyama kabisa, ng'ombe apikwe rosti kwenye sufuria yake, kila mtu ajipakulie. Pilau mbili ni majiko mawili na watu wawili wa kusimamia, na ile ndogo ndiyo itakayosahaulika ikashika chini.

Teddy: Lakini shangazi pilau bila supu si inakuwa wali wa rangi tu?

Shangazi Kabula: Inakuwa hivyo ukiweka maji matupu. Sisi supu yetu ni ya dengu. Hizi dengu za kahawia za kwetu, maji yake yakishachemka saa nzima yanakuwa meusi na mazito, yana ladha kabisa. Shemeji Masanja unazo?

Mjomba Masanja: Zipo. Nilete kilo ngapi Mwanza? Nina choroko na karanga pia.

Shangazi Kabula: Dengu kilo 2, moja ya kuloweka, nyingine ya akiba kama zitakuwa na mawe mengi. Karanga kilo 2. Choroko kilo 1 ya sambusa. Mama Neema, kwa watu 25 na vyakula vingine vikiwepo, mchele kilo 4 unatosha. Andika:

Mchele kilo 4
Dengu kilo 1, zilizolowekwa usiku kucha
Viazi mviringo kilo 2
Vitunguu maji kilo 1 na nusu
Kitunguu swaumu vichwa 4, tangawizi kiasi hicho hicho ukishaitwanga
Mafuta ya alizeti kama nusu lita na kikombe kidogo juu
Binzari nyembamba vijiko 5 vya chakula, nusu nzima nusu ya kusaga
Iliki 20, karafuu 15, mdalasini vijiti 4, pilipili manga kijiko kimoja cha chakula

Teddy: Na kile kiungo cha pakiti cha mchuzi?

Shangazi Kabula: Kiacheni dukani. Vingi vimeandikwa ladha ya ng'ombe au kuku mbele pale, na vidonge vya supu ndo kabisa. Ukitaka kukitumia soma pakiti nyuma mpaka mwisho. Mimi sioni kazi yake kama vitunguu vimekaangwa vizuri.

Mama Neema: Vitunguu vyangu huwa vinaungua pembeni katikati vibichi.

Shangazi Kabula: Kwa sababu vinakatwa vinene kwa vyembamba. Kata sawasawa, mafuta yapate moto kwanza, tia chumvi kidogo vitoe maji haraka, moto wa kati, usiondoke. Kwa kilo na nusu hesabu dakika 25 hata 30. Vikifika rangi ya kahawia nyunyiza maji nusu kikombe, visimame hapo hapo visiungue na rangi iachie. Rangi ya pilau yote iko kwenye dakika hizo za mwisho. Ukiwahi inakuwa njano, ukichelewa inakuwa chungu na hakuna cha kuitibu.
Ndipo swaumu na tangawizi, halafu binzari. Binzari dakika moja tu, ikiungua nayo inaleta uchungu.

Teddy: Naongeza kwenye dengu: msiweke magadi wala soda. Zinaiva haraka, sawa, lakini maji yanapata ladha ya sabuni na ndo tunayoyataka kwa pilau. Nyanya na ndimu pia zisiguse sufuria ya dengu mpaka zimeiva, uchachu unafanya zibaki ngumu hata ukichemsha mpaka jioni.

Shangazi Kabula: Sahihi. Kilo moja, maji lita 5, saa moja mpaka moja na nusu. Ziive lakini zisipasuke. Chuja, pima maji yake, ongeza ya moto mpaka yafike lita 6. Hayo ndiyo ya mchele kilo 4 uliolowekwa nusu saa. Nusu lita ya moto ikae pembeni, mchele mwingine una kiu. Usianze na nyingi, bokoboko halirudi kuwa pilau.

Maduhu: Sufuria ya kutosha hiyo ipo?

Mama Neema: Ninayo ya lita 20.

Shangazi Kabula: Ndogo, utashindwa kugeuza. Azima ile kubwa ya jumuiya. Isuguliwe kwa majivu na maji ya moto, na mfuniko pia, mafuta ya zamani yanajificha kwenye ukingo. Maji yakikauka palia mkaa juu ya mfuniko, chini bakiza kidogo, dakika 20. Nusu ya dengu ndiyo iingie kwenye pilau pamoja na viazi. Nusu nyingine aichukue Teddy.

JUMANNE, 23 DESEMBA

Teddy: Wifi, mimi naleta panir, ile jibini ya Wahindi. Bila hiyo mgeni atakuwa na pilau na majani tu, na sikukuu inataka kitoweo cha kutafuna. Maziwa lita 4 yanatoa kama robo tatu ya kilo, pungufu kidogo. Nipatie maziwa ya asubuhi hiyo hiyo, yasiyoanza kuchacha. Yale ya boksi yanayokaa miezi bila friji sitaki, hayagandi vizuri, yanatoa chengachenga.

Mama Neema: Si tununue jibini ya dukani tu wifi?

Teddy: Baadhi ya jibini zinagandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Wapo wasiokula nyama wanaozikataa kwa sababu hiyo. Halafu ukiikaanga inayeyuka. Panir imegandishwa kwa ndimu, ukikaanga inabaki kipande.

Maduhu: Inapikwaje hiyo

Teddy: Chemsha maziwa huku unakoroga yasishike chini. Yakipanda, ZIMA MOTO. Subiri dakika moja, mimina maji ya ndimu kidogo kidogo, kama nusu kikombe uliyoichanganya na maji nusu kikombe. Koroga taratibu. Ukiona mabonge yamejitenga na maji yamekuwa ya kijani kijani, acha, usimalize ndimu kwa sababu tu umeshaikamua. Chuja kwa kitambaa cheupe, suuza na maji baridi kuondoa uchachu, funga, weka chini ya sufuria yenye maji saa moja. Ukiminya kidogo inavunjika kikaangoni, ukiacha moto unawaka baada ya kutia ndimu inakuwa kama raba.

Teddy: Maji yake msimwage, yakandie unga wa chapati.

Shangazi Kabula: Na mchuzi?

Teddy: Nyanya kilo 1 na nusu, vitunguu 4, tangawizi, binzari manjano, karanga za kukaanga zilizosagwa laini kikombe kimoja. Zile dengu zinaingia humo, zinakuza chakula watu wote waonje. Panir naikaanga pembeni kwa samli, inaingia dakika 5 za mwisho.

Mjomba Masanja: Kwenye karanga hapo sikilizeni. Nimezichambua lakini zichambueni tena. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupwe, usiseme nitaichanganya na nzima. Ile ni sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi. Bibi yenu naye ametoa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, fungu kubwa.

Mama Neema: Asante mjomba, shikamoo kwa bibi. Nsansa si huwa tunaweka dagaa?

Mjomba Masanja: Safari hii weka karanga peke yake. Loweka, osha maji matatu mchanga uishe, chemsha mpaka ilainike. Unga wa karanga koroga na maji baridi kwanza ndipo umimine, ukitia mkavu unafanya madonge. Baada ya hapo mwiko usitoke mkononi, karanga inashika chini upesi. Dakika 20 za moto mdogo, mpaka mafuta yaelee.

Maduhu: *Ujumbe huu umefutwa*

Teddy: Tumeuona Maduhu 😂 hakuna kuweka unga wa dagaa "kidogo tu"

Shangazi Kabula: Mafuta ya kukaangia: sambusa za choroko zitangulie kwenye mafuta mapya, kisha viazi, kuku na sangara mwisho. Sambusa zigundishwe kwa uji wa unga wa ngano, siyo yai. Na choroko zikaushwe kweli kabla ya kufungwa, zikiwa na maji sambusa inapasuka na mafuta yanaruka.

Mama Neema: Keki?

Teddy: Bila mayai. Unga vikombe 3, mtindi mzito 2, sukari 1 na nusu, mafuta 1, baking powder vijiko vya chai 2 na nusu, soda 1. Ukishachanganya ingiza jikoni hapo hapo, mapovu ya soda hayasubiri. Jeli ya watoto mara nyingi huwa na jelatini ya wanyama, iwe mbali na sahani yake.

Maduhu: Sato wangu bado wanakuja au?

Mama Neema: Waje shemeji, watu 24 wanawasubiri. Mahindi ya kuchoma yatangulie kwenye wavu, samaki baadaye.

Shangazi Kabula: Na kila sufuria na upawa wake. Upawa wa rosti ukiingia kwenye pilau tumefanya kazi bure. Pilau na panir zikae mwanzo wa meza, rosti na samaki mwisho, mgeni apange foleni na wenzake, asitengewe kona kama mgonjwa.

JUMATANO, 24 DESEMBA

Mama Neema: Sufuria ya jumuiya imefika, imesuguliwa. Dengu nimeziloweka saa 2 usiku, zilizoelea nimezitoa.

Shangazi Kabula: Maji umeweka mangapi?

Mama Neema: Yamezifunika, kidole kimoja juu.

Shangazi Kabula: Ongeza, zitavimba mara mbili. Vidole vinne. Asubuhi hayo ya kulowekea mwaga, tunayoyataka ni ya kuchemshia.

Mama Neema: Nimeongeza.