Watu wa ving'amuzi, siku zangu mnazila kwa ruhusa ya nani?

Wakuu, nimechafukwa, mnivumilie.

Nimelipia kifurushi cha mwezi (kampuni siitaji, najua mashabiki wao watanirukia). Sijakifaidi, nikaitwa msibani Lushoto. Kurudi Makorora, umeme nao ukawa wa kubahatisha. Siku niliyotulia sasa niangalie mpira, kioo kinaniambia kifurushi kimeisha. Napiga huduma kwa wateja, dada ananijibu kwa upole wa kuudhi: "Siku zinahesabiwa tangu ulipolipia, kaka." Hata TV ikiwa imezimwa? "Ndiyo, kaka."

Mbona umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, haunifanyii hivi? Uniti nikizinunua leo nikasafiri, nikirudi nazikuta. Na msiniambie kuna vifurushi vya siku na vya wiki. Vipo, na saa zake zinakimbia vilevile ukiwa umelala.

Halafu hapo mtaani kibanda umiza mechi ni jero (shilingi mia tano). Nikipiga hesabu ya mechi ninazoziona kweli kwa mwezi, sebuleni kwangu kila moja inanigharimu mara kadhaa ya hiyo jero. Ila nani anapiga hesabu hiyo siku ya kulipia? Siku ile unajiona utaangalia kila usiku, na watoto hawataenda kwa jirani kufuata katuni. Wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006 kuhusu wanachama wa gym: waliokuwa wakilipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walienda wastani wa mara 4 hivi, kila mara ikawagharimu zaidi ya dola 17, wakati wangeweza kununua tiketi ya kuingia mara kumi, ambayo kila mara ingewagharimu dola 10 tu. Wanauziwa nia zao wenyewe!

Na wenzetu huko wanabanwa. Septemba 2025 Amazon walikubali kutoa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya serikali ya Marekani, iliyodai waliwaingiza watu kwenye uanachama wa Prime bila ridhaa yao na kuwawekea vikwazo vya kujitoa. Hapa kwetu mlango wa kujitoa upo wazi, usipolipa kinakata. Shida yetu ni hizi siku zinazoliwa.

Kampuni nimeshawaandikia. Wakinyamaza, barua inakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wa Tanga yaliyowakuta kama haya, wekeni tarehe mliyolipia na tarehe kilipokata hapa chini, niambatanishe zote. Na kama yupo aliyewahi kurudishiwa siku zake, aseme alipitia kwa nani.